Kona ya Tatu

Kwenye kona ya tatu kupanda Gudauri
Pajero inaishiwa pumzi.
Nakanyaga mafuta, haina habari;
nyuma, lori la Mwarmenia linanifokea kwa honi.
Nazima. Nahesabu hadi sitini.
Inawaka, kama si yenyewe iliyokuwa ikifa.

Zviadi kabadilisha plagi, chujio, pampu.
Kompyuta yake yaapa gari ni zima.
Lamara naye: iuze.

Leo tumeshusha tangi.
Mle ndani, kwenye petroli, inaelea
karatasi nyekundu ya peremende.
Injini ikivuta, inaziba bomba;
ikizimwa, inabanduka, inajiendea zake.

Tekle, miaka minne,
anaitazama, kisha anatazama viatu vyake.
"Ilikuwa na njaa," asema,
"nikaipa yangu ya mwisho."