Ipoe Kwanza

Hapa Kibuye mafundi waliniita Nyanya.
Makokha ndiye aliyeanza, mdomo umejaa mahindi,
na jina likashika kama chuma kwa chuma.
Nyanya kwa wekundu wa mashavu,
nyanya kwa makunyanzi ya bibi mzaa mama:
neno moja, matusi mawili, bei ya jumla.
Nami nina miaka arobaini na mmoja tu.

Miaka kumi na tisa nimechomelea mageti
nikijikinga kwa miwani ya jua ya shilingi mia.
Cheche ni jua dogo lisilotua.
Jicho hujidanganya kwamba limezoea;
ngozi huweka daftari.

Ndimu, alishauri Makokha. Ndimu huondoa kila kitu.
Nikajipaka Jumapili, nikaingia kanisani nikiwaka,
mchungaji akadhani nimeshukiwa na Roho.

Jumanne Apondi akarudi kutoka Nakuru,
binti yangu, muhula wa pili wa chuo cha urembo,
akanitazama vile mimi hutazama geti lililogongwa na lori:
bila huruma, kwa hesabu.
"Baba, keti."

Nikaketi kwenye kigoda cha kufulia.
Alikata jani la shubiri nyuma ya choo,
ile mama yake aliyoipanda kwa ajili ya kuku wagonjwa,
akaliinamisha litoe utomvu wa njano
("huo ndio unaowasha"),
kisha akachota ute, baridi kama pua ya ndama.
Akanipaka nyuma ya sikio, basi. Tukangoja hadi kesho.
Sikujua kwamba uso huombwa ruhusa.

Kesho yake akasaga shayiri, akakoroga kwa maji vuguvugu,
akanibandika usoni kifungua kinywa changu mwenyewe.
Vipande vya tango kwenye kope.
Nje Makokha anaita, anataka kuazima grainda.
"Mwambie sipo," nikasema,
na shayiri ikadondoka kifuani
kama plasta ya fundi mwizi.

Kisha zikaja sheria, nazo haziuzwi dukani.
Sabuni ya kipande ni ya ovaroli, si ya uso.
Kofia ya ukingo mpana, hata wakicheka.
Ngao ya kuchomelea, ile kamili, ya kuvaa kichwani:
niliinunua kwa arbuni ya geti la Mama Naliaka,
geti lenyewe likachelewa wiki mbili, tukagombana.
Pilipili, acha. Busaa ya Jumamosi, acha.
Ile krimu ya kung'arisha niliyouziwa stendi
aliitupa chooni kabla sijamaliza kuikana.
"Na isipotulia, utaenda kwa daktari wa ngozi.
Mimi bado mwanafunzi."

Yote hayo niliyameza.
Lakini chai!
"Chai ya moto hukupandisha damu usoni. Ipoe kwanza."
Ipoe? Mimi, mwana wa Ahero,
niliyekunywa chai ikichemka kabla sijajua kusoma?
Kwetu chai iliyopoa ni ya mgonjwa
au ya mgeni asiyeaga.

Apondi amesharudi chuoni.
Mashavu yametulia kiasi, si sana.
Siku hizi Makokha huniita Fundi
pale anapotaka kukopa.
Makunyanzi ya pembe za macho yapo palepale;
aliyahesabu kwa ncha ya kidole kabla ya kuondoka,
akayapaka asali, hakuahidi kitu.

Kila alfajiri kikombe kiko mezani, nami mbele yake,
tunaviziana kama mdai na mdaiwa.
Utando wa maziwa unajitandaza juu,
laini, shavu la mtoto aliyetoka kunyonya.
Dakika ya tatu unajivuta pembeni.
Dakika ya sita umekunjamana wote,
umezeeka mbele yangu, kwenye kikombe cha bati,
na hakuna aliyeuchoma.

Zamani ningeuondoa kwa kijiko.
Naunywa.