Goti la Mama

Umeme wa Wete ulikatika saa nne,
nikaumalizia moyo kwa tochi ya simu:
vyumba vinne, vali, mshipa mkuu.
Barazani mama akichambua kwa kupapasa,
makonyo huku, karafuu kule,
ada yangu ikinukia nyumba nzima.

Mwaka wa kwanza nilikosa nafasi kwa pointi moja.
Hakusema neno. Alitandika jamvi upya, akaanika.

Leo jina limetoka: Raiyan Khatib Faki, Udaktari.
Nimelisoma mara tatu, koo likinikauka.
Mama kajifuta mikono kwa kanga,
kaketi, kanyoosha mguu:
"Haya, daktari. Anza na goti hili."

Magotini sijafika, mama,
nimesoma moyo tu.
Nikalishika kwa mikono miwili.
Lilikuwa na moto.