Jumatano, Ibra

Jumatano wanaume hawaingii soko lile.
Tunauziana wanja, zafarani, kofia za watoto,
na siku hizo, nyuma ya magunia ya ndimu kavu,
alikaa Bi Ghubeisha
na kijaluba chake cha bati,
zamani kilikuwa cha peremende.

Nilikuwa mgeni katika nchi ya baba yangu.
Kiarabu changu kikitembea kwa magongo mawili,
majirani wakiniita Zinjibariya
nami nikicheka, nikiwapelekea mahamri.
Mama alinizaa Wete.
Alihamia huku na mbuzi ya kukunia nazi,
kwenye nchi isiyo na mnazi,
lakini wembe hakuja nao.
Kwetu mwari huchezwa, hakatwi.
Kungwi humtia maneno masikioni,
humfunga kanga, akacheka, akaona haya, basi.
Neno tohara tulikuwa nalo:
la wavulana, na la udhu.

"Ana siku kumi na mbili," wakaniambia,
"na bado hajawa msafi."
Msafi!
Asubuhi ile ile nilimwogesha
kwa maji ya falaji, nikayatia marashi.
Ruqaiya wangu alinukia maziwa, hakunukia kingine.

Nikambeba.
Hakuna aliyenivuta mkono. Nalisema hili
kwa kuwa wenzangu husema tulilazimishwa.
Mimi nilitaka kualikwa kahawa.

Sikutazama. Nilishika magoti,
madogo kama kungumanga mbili.
Akalia mara moja, kwa ufupi,
kisha akanyamaza,
na kule kunyamaza ndiko ninakokusikia
nikizima taa.
Riali mbili. Na kipande cha halua, cha kumpoza mama.
Kahawa yao niliinywa. Ilizidi hiliki.

Miaka thelathini na moja Ruqaiya hakuniuliza.
Akenda kujifungua Nizwa,
mkunga akaona kovu, akauliza kwa sauti ya chini,
na mwanangu, mwalimu wa kemia,
anayejua kila kitu kinachochubua ngozi,
hakuwa na jibu.
Usiku akanipigia simu.
"Mama, nani alikuwepo?"
"Mimi."
"Nani mwengine?"
"Mimi."
Tukabaki hivyo, simu ikila pesa.

Leo Asila ana siku kumi na mbili.
Mkwe mwenzangu, Bi Shinuna, ametoka Sumail
na mabinti zake watatu na ubani wa kuridhisha malaika.
Majlisi imejaa. Anasema kidogo tu.
Tone. Hata hatakumbuka.
Kisha, kwa Kiswahili, ili kinifike:
"Mwacha mila ni mtumwa."

Ruqaiya ana karatasi ya zahanati mkononi.
Ameisoma mpaka mikunjo imechanika.
Amekwisha kwenda nayo nyumba tisa za mtaa huu;
mbili zilimfungia mlango,
moja ilimpa tende na kubadilisha maneno.
Anafungua kinywa. Namwekea mkono begani.
Ngoja, mwanangu. Hili ni deni langu.

"Mila ya nani, Shinuna?
Mama yangu hakuwa nayo. Wako, alizaliwa Chake,
hakuwa nayo vile vile.
Hii tuliinunua sokoni, mimi na wewe,
kwa riali mbili,
tusije tukaitwa wageni.
Na mpaka leo wanatuita."

Nikaonyesha mikono yangu. Ina hina, ina mabaka ya uzee.
"Ndiyo iliyomshika. Si Ghubeisha.
Yeye alikuwa na kazi yake tu."

Binti mmoja wa Shinuna, yule mdogo,
mwenye mimba ya miezi saba,
akajishika tumbo kwa viganja viwili.

Mwenye dele akapita.
Bi Shinuna akanyoosha kikombe, akakitikisa,
kushoto, kulia,
kama wanavyotikisa hapa wanaposema yatosha.
Sijui alichokinai ni kahawa
au ni mimi.

Asila akapiga teke ndani ya shuka.
Goti likatokeza.
Sikuligusa.