Kichupa cha Saba

Kwetu tulisema kiberiti, tukamaanisha kile kisanduku cha njiti,
na mama akiita toka jikoni: Nani kakaa nacho?
Hapa Dundee kiberiti ni unga wa manjano
ndani ya mtungi wa kilo moja, wenye lebo na sahihi yangu,
na hauna haraka ya kuwaka.

Mikono yangu imo ndani ya mikono ya mpira,
ndani ya kasha la kioo lisilo na hewa ya kuvuta,
agoni tupu. Pua ikiwasha, na iwashe.
Vichupa kumi na viwili,
kila kimoja na kipande cha polima upana wa ukucha
kilichozama katika mchuzi wa salfa na lithiamu,
rangi ya chai iliyosahauliwa mekoni.

Swali ni moja tu: nani atakaa?
Kukaa siku, kukaa wiki,
bila kuvimba, bila kulegea, bila kutoa alichoficha.

Eilidh alikuwa na imani na cha saba.
"Huyu asidi haikumtisha," alisema,
"na joto la oveni alilitoka akicheka."
Siku ya tatu akawa mweusi.
Siku ya tano nikamgusa kwa kibanio,
akakatika kama ukoko wa wali.

Si kwamba alikuwa dhaifu.
Alikuwa hajakutana na anayemjulia:
mnyororo wa salfa unaojua pa kushika,
unaong'oa florini moja, kisha ya jirani yake,
pasipo moshi, pasipo kelele.
Hujafa hujaumbika, nikasema.
Eilidh akataka tafsiri. Nikaitafuta, nikaikosa.
Nikaandika: saa nne na dakika kumi, nyeusi, imekatika,
kisha nikaifuta nne, nikaweka kumi, kwa hesabu yao.

Cha kumi na moja tulikitia ili safu itimie tu,
filamu ya bei ya mchicha, mabaki ya kiwanda cha vifungashio.
Leo siku ya arobaini
na bado naona mwanga kupitia kwake.
Sisemi lolote. Kuna kesho.

Jioni, kituoni, ukungu umeumeza Mto Tay na nusu ya daraja.
Nampigia dada Mwanakombo, nianze kumhadithia;
baridi inaidaka simu ikiwa na asilimia thelathini,
inazima
kabla sijafika kwenye jina la kitu chenyewe.