Pamba Kwanza

Amekiweka juu ya gazeti, meza ya jikoni, Gdynia:
kidude kizito kama kufuli, bado kinanuka boksi.
Taa nyekundu. Baadaye sana, kijani.
Betri imeshiba.

Wiesława alichomelea meli miaka thelathini na mmoja;
moto anaujua kwa rangi yake, hahitaji kuambiwa.
Lakini karatasi ya maelekezo, herufi ndogo kama chawa,
inamwamuru: pamba kwanza.
Matone matano kwenye koili. Jaza tangi. Funga.
Usibonyeze. Ngoja dakika kumi, inywe.

Dakika kumi!
Sigara haikuwahi kumwomba hata moja.

Anafuta hesi za kifuniko kwa leso ya marehemu Ludwik,
ambaye pafu lake la kushoto daktari aliwaonyesha pichani,
jeusi kama dirisha la karakana.
Nje, theluji imeshakuwa tope.

Dakika ya sita anampigia binti yake, anakata kabla haijaita.
Ya nane, anashusha wati. Kumi na mbili zatosha.
Mwenye haraka huunguza pamba,
na pamba ikishaungua, kila pumzi ina ladha ya kosa lako
mpaka ukanunue koili nyingine.

Anabonyeza.

Mvuke mwepesi, harufu ya cheri, cheri za uongo
ambazo hazijawahi kuona mti.
Anakohoa. Anacheka peke yake.
"Wewe," anakiambia, akikisimamisha karibu na chumvi,
"kila Jumapili nitakuosha, nitakuchaji,
nitakubadilishia pamba.
Ila usinizoee."