Kamba Yenye Fundo Moja

Nyemo, treni ya umeme inaondoka alfajiri,
bado tuna saa moja ya mwanga hapa gereji.
Kaa juu ya tairi hilo, nikwambie
ya maonyesho ya magari ya Ujerumani
niliyoyaona mara moja, nikiwa bado na nywele.

Kwanza viatu. Vile vyekundu viache.
Ukumbi mmoja tu ni kutoka hapa Kizota mpaka Majengo,
na kumbi ziko kumi na moja,
sakafu ngumu kama moyo wa mdai.
Vaa raba zako hizo hizo zenye doa la oili,
hakuna atakayetazama miguu yako
penye magari yasiyo na tone la matope.

Usidhani ni Nanenane ya Nzuguni,
unaingia saa tano, unatafuna muwa,
unamsifia ng'ombe wa mtu, unarudi.
Tiketi inunue ukiwa huku huku, kwa simu.
Nenda Jumanne. Jumamosi
kila baba kambeba mtoto mabegani,
utaona visogo tu.

Bisibisi iache pia.
Najua inalala mfuko wako wa nyuma kama mwana,
lakini mlangoni wataichukua
na risiti hawakupi.

Maji usinunue: chupa moja ni chipsi kuku mbili za hapa.
Ya bombani kwao yananyweka, jaza.
Karanga za mama Sechelela zitakushikilia mpaka jioni.

Karatasi zao zinang'aa, utagawiwa kila hatua.
Chukua tatu.
Mimi nilibeba kilo tisa, nikazilipia uwanja wa ndege,
na mwisho wake zikafungia maandazi
mtaa mzima, mwaka mzima.

Yale yanayozunguka jukwaani kwenye taa za buluu
yatazame kidogo,
kama harusi ya watu usiowajua.
Kisha uliza ukumbi wa nyuma, kule karibu na vyoo,
wa watu wa beringi, bushi, filta, mipira ya kuzuia vumbi.
Hakuna muziki kule. Kule ndiko kwako.
Na uulize bei ya kipuri
kabla hujauliza bei ya gari.

Sasa hili sijamwambia mtu.
Siku ya pili uvumilivu ulinishinda.
Gari zuri, jipya, na mimi sijaliona tumbo.
Nikavua koti, nikalala chali sakafuni,
nikajisukuma chini kama ninavyofanya hapa kila siku.
Walinzi wakaja mbio, wawili, na redio zao.
Nikasikia mtu anawajibu kwa sauti ya chini,
halafu mzee mmoja mwenye tai akalala kando yangu.
Hatukuwa na neno hata moja la kushirikiana.
Nikamwonyesha boljointi. Akatikisa kichwa.
Nikamwonyesha sampu, nikaweka kiganja chini yake,
nikakipandisha taratibu: jiwe.
Akanyamaza kitambo.
Alipotoka alijipangusa tai, akaandika kitu kwenye kidaftari.

Aliandika nini, sijui hadi leo.

Ndiyo maana nakupa kamba hii. Hawataichukua, ni kamba tu.
Kutoka ncha hii mpaka kwenye fundo
ni kimo cha lile jiwe la njia ya Farkwa
lililopasua gari la zahanati. Ulikuwepo,
uliona mchanga ulivyoinywa oili yote
na mama mjamzito akishushwa kwenye machela.
Weka ncha sakafuni, uinyooshe.
Fundo likipita chini ya tumbo bila kugusa,
niandikie jina la gari hilo.
Likigusa, sema asante, sogea,
hata kama linaongea lenyewe na kufungua milango.

Usilale chini lakini. Wewe chuchumaa tu.
Au lala. Utajua mwenyewe.

Haya, simama,
tairi hilo ni la mteja.