Chumba cha Saba

Nyumba ya Isevya ina vyumba saba.
Hakimu alivihesabu kwa ncha ya kalamu,
akavihesabu tena kuanzia mwisho.
Saba ni saba.

"Mchango wako ni upi, Nyanzala?"
Sikuwa na risiti. Nilikuwa na daftari
lenye mafuta ya maandazi kwenye jalada:
matofali elfu nne, tanuru la Ipuli, deni;
bati kumi na mbili, na kukodi mkokoteni;
chumba cha pili, muuguzi, amelipa Machi, Aprili bado.
Luhende alileta mshahara wa reli, sikatai.
Lakini mshahara hauchoti maji ya zege.

Hakimu akasoma, akalamba kidole, akasoma.
Vitatu vyangu, upande wa barabara.
Vitatu vyake, upande wa choo.
Choo cha wote. Luku ya wote.
Na cha saba, kodi yake igawanywe nusu kwa nusu
kila tarehe tano, hadi mmoja amnunue mwenzake.

Nani hapa Tabora ana pesa ya kumnunua mwenzake?

Basi talaka ninayo, ina muhuri,
inalala chini ya godoro na nakala ya hati ya kiwanja,
na kila tarehe tano simu inalia:
elfu kumi na saba na mia tano
kutoka kwa fundi Ndaki, mshona sare za shule.
Mwezi wa kwanza tuligombania makato.
Mwezi wa pili, balbu ya uani,
yeye akidai inamulika zaidi kwangu.
Ndoa imekufa, chumba kinaendelea kuzaa.

Humo ndimo tulimolala mwanzo,
kabla ya dari, kabla ya sakafu,
khanga yangu ya pili ikiwa ndiyo mlango.
Hilo halimo daftarini.
Sikuliandika, na hakimu hakuuliza.

Juzi Ndaki kahama, cherehani juu ya baiskeli.
Kaacha nyuzi za buluu na msumari mmoja ukutani.
Mvua ya kwanza ya Novemba ikaja usiku huohuo.
Nikaandika: Cha saba kiko wazi. Paa linavuja.

Jibu la Luhende halikuwa na salamu:
Kona ya kushoto, juu ya dirisha.
Ile sufuria isiyo na mkono inatosha.

Nilikuwa nimeshaiweka.